Kamba ya Mzamiaji

Wengi wetu tunaikumbuka Alhamisi ile, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na gati la Ukara. Watu zaidi ya 220 walipoteza maisha. Kivuko kile kilibeba jina la Mwalimu aliyelala Butiama, na msiba wake uliingia katika nyumba zetu, hasa Bunda, ambako ndugu huvukia Kisorya kwenda Ukerewe na kurudi.

Ijumaa tulikusanyika kanisani kuwaombea wafiwa. Katika sala zetu zote hatukumwombea hata mmoja aliye hai ndani ya maji. Tulikuwa tumeshafunga hesabu. Jumamosi wazamiaji wakamkuta fundi wa kivuko akiwa mzima, katika chumba kilichobakiwa na hewa. Siku mbili alikuwa humo. Tulimshukuru Mungu, kisha tukasahau.

Tulikumbushwa miaka kadhaa baadaye, tulipokwenda kisiwani Rukuba kuwatembelea wavuvi, ambao Jumapili huwakuta majini. Tulikuwa watano: mchungaji, mwinjilisti na wazee watatu wa usharika. Tulipanda mtumbwi wa tanga pale Mwigobero, Musoma, kabla ya mapambazuko, kwa kuwa usiku upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, na mchana hugeuka. Tulilala humo usiku mbili, tukisali na wavuvi na kula nao ugali kwa dagaa.

Kati ya wavuvi wale alikuwamo kijana tuliyemfahamu. Alitusalimu, "Shikamooni," akaenda kukaa mbali nasi. Tulijua sababu. Miaka mitatu hakuonekana ibadani wala hakutoa ahadi, nasi tukalifuta jina lake katika daftari la usharika. Hatukuwahi kwenda kumuuliza. Kalamu ilikuwa yetu.

Asubuhi ya pili wavu ulinasa kwenye mawe. Kijana yule akavua shati, akajifunga kamba kiunoni, akazama. Hakuwa na mtungi wa hewa kama wale waliozama Ukara. Alikuwa na kifua chake tu. Chini kule, walituambia, hakuna kuona, ni kupapasa. Maji yakatulia juu yake. Tukangoja. Mzee wetu mmoja akashindwa kuvumilia, akamwambia nahodha, "Mvute basi!"

Nahodha hakugeuka. "Mzee, kamba nimeishika. Naye anajua nimeishika, ndiyo maana ameshuka."

Aliibuka, akavuta pumzi, akazama tena. Mara ya tatu wavu ukaachia. Alipopanda anatetemeka, mzee yule akampa koti lake. Hakuna aliyesema neno mpaka chai ilipochemka.

Tuliporudi Musoma tulimfikiria Yona. Wale mabaharia waliomtupa hawakuwa watu wabaya. Waliomba kwanza, ndipo wakamtupa. Bila shaka walimhesabu amekwisha kufa. Lakini yeye alikuwa anasali tumboni mwa samaki, na Mungu alikuwa anamsikia. Sisi nasi huomba, kisha tukafuta majina.

Kikao cha wazee kililiandika upya jina la kijana yule. Safari hii hatukuishia kwenye daftari. Tulikwenda nyumbani kwake, tukamwomba radhi mbele ya mkewe. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Nilisikia nimefutwa, nikaona basi, hakuna anayeningoja."

Neno hilo halijatutoka. Amekuja ibadani mara mbili tangu siku ile, akikaa karibu na mlango. Mezani pa Bwana bado hajafika. Hatumvuti kwa nguvu, ila kila akirudi kutoka ziwani tunakwenda kumjulia hali.

Mpendwa msomaji, katika mtaa wako yupo uliyemhesabu amezama. Usifunge hesabu kabla ya Mungu. Nenda ukamwambie kwamba kamba bado imeshikwa.