Kabla Hujafunga Chuma cha Kuvutia Tela Nyuma ya Trekta Dogo

Leo nakuletea somo nililojifunza kwa aibu yangu mwenyewe. Kama una trekta dogo nyumbani, au una mpango wa kununua la mtumba, naomba usome hadi mwisho kabla hujamwita fundi wa kuchomelea.

Trekta langu ni dogo, nilinunua likiwa limetumika. Lilikuja na mikono mitatu ya nyuma, miwili ya chini na mmoja wa juu, lakini halikuwa na chuma cha kufungia tela. Msimu ule nilikuwa na mpunga shambani, huku Mvomero, na magunia yalikuwa yanangoja kutolewa. Nikaona nisipoteze siku. Nikamwita mzee mmoja fundi wa kuchomelea, aje nyumbani na mashine yake.

Nilimwonyesha pale mkono wa juu unapofungwa, kwenye mabano ya chuma nyuma ya kiti. Pana nafasi, pana chuma kinene, na huhitaji kuinama kufunga tela. Nikamwambia achomelee sahani yenye tundu pale pale. Mzee akasimama, akaangalia, akauliza, "Bwana shamba, mbona juu hivyo?" Nikamjibu kwamba nimesomea mambo haya. Akanyamaza, akashusha kioo chake usoni, akachomelea.

Siku mbili baadaye mpwa wangu alikuwa kwenye usukani, tela lina magunia 12. Magurudumu ya tela yakazama kwenye mfereji ambao bado ulikuwa na tope. Akaongeza mafuta, akaachia klachi kwa haraka. Nilikuwa nimesimama kando. Niliona magurudumu ya mbele yakiacha ardhi, kwanza kama kiganja, kisha yakafika usawa wa kiuno changu. Nikapiga kelele, "Klachi!" Kijana akaikanyaga, trekta likashuka kwa kishindo. Akashuka, akakaa kwenye tuta, akasema tu, "Mjomba, leo ningekwenda." Trekta lile halina fremu ya usalama. Lingepinduka chali, kati yake na ardhi pasingekuwa na kitu.

Jioni nilimpigia simu dada yangu. Ni yeye aliyenikabidhi kijana huyo ajifunze kazi. Sikuona haki asikie habari hiyo kwa mtu mwingine.

Sasa sikiliza kwa nini ilitokea, maana ukielewa sababu hutahitaji kukariri kanuni. Injini inazungusha ekseli ya nyuma. Magurudumu yakiweza kuzunguka, trekta linakwenda mbele. Mzigo ukikataa na magurudumu yakashika ardhi, nguvu ile ile inageuka kuinua mwili wa trekta kuizunguka ekseli, na pua inapanda. Tundu la kuvutia likiwa juu, mzigo unazidi kulivuta trekta kwa nyuma. Jaribu kumfunga mtu kamba mabegani kisha umvute kwa nyuma: anaanguka chali. Mfunge kiunoni, anajikaza na kusimama. Trekta linaweza kupinduka chini ya sekunde 2, na muda huo hautoshi kwa mtu kufikiri.

Tena kuna jambo nililopaswa kulikumbuka tangu chuoni. Mfumo huu wa mikono mitatu ulibuniwa na Harry Ferguson wa Ireland, ukaanza kuuzwa kwenye trekta lake mwaka 1936. Matrekta ya kabla yake yalijulikana kwa kupinduka nyuma plau linapogonga kisiki. Katika mfumo wake, plau likiwa kazini, mikono ya chini inavuta na mkono wa juu unasukuma kuelekea mbele, hivyo pua ya trekta inakandamizwa chini. Mkono wa juu umewekwa usukumwe. Mimi nilipafanya mahali pake pa kuvutia, nikageuza kinga kuwa mtego.

Hivi ndivyo tulivyolifunga upya, na ndivyo ninavyokushauri ufanye.

Kwanza, egesha trekta mahali tambarare, shusha mikono yote, zima injini, toa ufunguo, weka mawe kwenye magurudumu. Usiingie chini ya trekta lililosimama kwa jeki peke yake.

Pili, pima kwa futi ya utepe kutoka ardhini hadi katikati ya ekseli ya nyuma. Tundu lako lazima liwe chini ya kipimo hicho. Langu ekseli iko sentimita 46 kutoka ardhini, tundu nimeliweka sentimita 33. Kisha rekebisha shingo ya tela ili likifungwa likae sawa, lisiinamie mbele wala nyuma.

Tatu, tafuta matundu ya bolti yaliyotengenezwa na kiwanda chini ya nyumba ya ekseli. Matrekta mengi madogo yanayo. Tumia hayo. Usitoboe wala kuchomelea nyumba ya giaboksi: mara nyingi ni chuma cha kumimina, kinapasuka kwa joto, na ndani mna mafuta.

Nne, tulitumia chuma bapa chenye unene wa milimita 16. Bolti ziwe na alama ya 8.8 kichwani. Bolti isiyo na alama yoyote usiiamini kwa kazi hii. Kama ni za milimita 16, andaa spana namba 24. Weka washa za springi, kaza, fanya kazi saa chache, kisha rudi ukaze tena.

Tano, kuchomelea kokote kufanyike chuma kikiwa kimetolewa kwenye trekta. Ikilazimika kuchomelea kikiwa juu yake, ondoa kwanza waya wa hasi wa betri, na klipu ya ardhi ya mashine ishike karibu kabisa na unapochomelea, umeme usipite kwenye beringi.

Sita, tumia pini halisi yenye kipini cha kuizuia isichomoke. Msumari au kipande cha nondo si pini. Ongeza mnyororo wa usalama kati ya trekta na tela.

Wengine hutumia chuma chenye matundu mengi kinachoingia kwenye mikono miwili ya chini. Ni kizuri, lakini angalia mambo mawili. Unene wa ncha zake ulingane na mikono yako: trekta dogo la daraja la 1 hutumia pini za milimita 22 chini. Halafu weka fimbo za kukizuia kisipande. Bila hizo, mtu akigusa wenzo wa haidroli, tundu linapanda juu ya ekseli na hatari inarudi ile ile.

Mwisho, mzigo. Tela langu halina breki, kwa hiyo tela na magunia yake havizidi uzito wa trekta. Likikwama, hatuongezi mafuta. Tunapunguza magunia, tunachimba mbele ya magurudumu, kisha tunatoka kwa gia ndogo, klachi ikiachiwa polepole.

Kazi ya pili ilifanywa na mzee yule yule. Nilimfuata kwake, nikamwambia kwamba swali lake lilikuwa sahihi na jibu langu lilikuwa la kiburi. Akacheka, akasema yeye alijua tu kwamba ng'ombe hafungiwi mkokoteni pembeni. Sahani ile ya kwanza tuliikata kwa grenda. Ipo mezani kwangu katika ofisi ya kijiji, na kila mkulima anayekuja kuniuliza habari za trekta namwekea mkononi kabla sijaanza kueleza.

Leo jioni, kabla hujala, toka na futi yako ukapime trekta lako. Tundu likiwa juu ya ekseli, usifunge tela kesho.