Kabla Hamjaunyoosha

Baba mdogo aliirudisha simu yangu kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha sahani ya jirani, akasema, "Huyu si mimi." Kisha akaingia ndani. Ilikuwa Machi, masika ndiyo kwanza inaanza, nami nikabaki peke yangu barazani kwake, Bagamoyo, huku simu inaendelea kuimba kwa sauti yake.

Wimbo ulikuwa wake kweli. Wiki tatu kabla ya hapo nilikuwa nimempeleka Dar es Salaam, kwenye chumba cha kurekodia cha rafiki yangu mmoja, akaimba na kupiga zeze kwa ajili ya tasnifu yangu ya shahada ya uzamili. Baba mdogo alipoondoka, rafiki yangu aliusikiliza wimbo mara mbili, akabonyeza kinanda chake pembeni, akatikisa kichwa: mzee yuko nje ya sauti. Alikuwa na programu inayoonyesha kila sauti kama kijiti kwenye skrini. Kijiti kikikaa chini au juu ya mstari, unakikamata kwa kipanya unakisogeza mpaka mahali pake. Tulikesha, tukila chipsi mayai za baridi, tukimnyoosha baba mdogo. Ndilo neno tulilolitumia, kumnyoosha. Sikuona aibu yoyote. Nilidhani namfanyia heshima, kwamba nampelekea mzee wangu wimbo wake ukiwa umefuliwa na kupigwa pasi.

Baada ya siku ile hakunikatalia waziwazi. Nikija na kinasa sauti, vidole vinamuuma. Nikija tena, zeze limelegea. Hilo la kulegea lilikuwa na ukweli kidogo: zeze ni kibuyu kilichowambwa ngozi, na ngozi iliyozoea ukavu wa Dodoma ikija kukaa pwani inavuta unyevu wa bahari, sauti inazama. Baba mdogo huianika juani kama watu wengine wanavyoanika dagaa. Lakini nilimsikia jioni akiwapigia wajukuu, na zeze halikuwa limelegea hata kidogo.

Ukipita Bagamoyo leo ukasikia zeze la Kigogo kwenye mji wa Wazaramo, Wakwere na Waswahili, usishangae. Hukwe Zawose aliitwa kutoka Dodoma kuja Dar es Salaam miaka ya 1960, kupiga kwenye Kikundi cha Taifa cha Ngoma. Chuo cha Sanaa kilipoanzishwa Bagamoyo mwaka 1981 akawa huku, na ndugu wakamfuata ndugu. Zeze na ilimba vikaota mizizi kwenye mchanga. Alipofariki Desemba 2003, mimi nilikuwa mtoto mdogo kabisa. Baba mdogo si wa ukoo ule wala hakuwahi kupanda ndege. Alikuja kijana kutafuta kazi, akabaki, akapiga harusini, akapiga misibani, akapiga mara chache mno kwa fedha ya maana. Hata wanawake wa ukoo wa Zawose walioimba nyuma ya wanaume kwa miaka mingi walitoa albamu yao wenyewe mwaka 2024. Nilipomwambia baba mdogo kwamba sasa wanawake ndio wapigaji, alisema, "Wewe je?" Nikamjibu kwamba mimi naandika.

Juni nikaenda Helsinki, kozi ya kiangazi ya wiki sita. Wafini na Bagamoyo wanajuana zamani. Katika miaka ya 1970 palikuwa na mradi wa utafiti ulioitwa Jipemoyo, Wafini na Watanzania pamoja, akiwamo Marja-Liisa Swantz, wakifanya kazi vijijini magharibi mwa wilaya ya Bagamoyo. Na Arnold Chiwalala, aliyesoma sanaa hapa Bagamoyo, alihamia Finland akafika hadi udaktari wa muziki pale Chuo cha Sibelius, akipiga kantele, ala ya nyuzi ya Wafini. Kwa hiyo nilipomweleza mwalimu wangu wa kule kwamba natoka Bagamoyo, hakuniuliza iko wapi. Aliniuliza kama bado kuna pweza jioni.

Kozi ilipoisha nilikuwa na siku tisa kabla ya tarehe ya tiketi, na mwenzangu mmoja akaniambia nikajitolee Kuhmo. Kuhmo ni mji mdogo mashariki mwa nchi ile, karibu na mpaka wa Urusi. Unapanda treni mpaka Kajaani, kisha basi katikati ya misitu isiyo na mwisho. Tangu mwaka 1970, mpiga chelo Seppo Kimanen alipolianzisha, kila Julai hufanyika huko tamasha la muziki wa vyumbani, yaani muziki wa watu wachache wasio na kiongozi wa kusimama mbele na fimbo. Watu wanatoka mbali, wanakaa kimya saa nzima, halafu wanatoka nje kula soseji. Jua halizami sawasawa. Kazi yangu ilikuwa viti.

Siku ya tatu nilikuwa nabeba viti nyuma ya ukumbi wakati kwarteti moja ya Kifini inafanya mazoezi. Fidla mbili, viola, chelo. Walikuwa wamekwama mahali pamoja. Sauti nne zilizopigwa kwa pamoja, basi, kitu cha sekunde tatu. Wakipiga, wanasimama, wanarudia. Mwenye chelo akashika sauti yake ya chini peke yake, ndefu. Wa viola akaiweka yake juu ya ile, akaishusha kidogo, mno kidogo, kidole hakikuonekana kusogea. Kisha fidla ya pili. Hapakuwa na kinanda. Hapakuwa na kile kifaa chenye taa ya kijani kinachokwambia umepatia. Walipiga tena, na safari hii ile sauti ikafunguka, sijui niseme nini zaidi. Hewa ya chumba ikanenepa, na juu yake nikasikia sauti nyingine nyembamba ambayo hakuna aliyekuwa anaipiga. Wakacheka wote wanne. Mimi nilikuwa nimesimama na viti viwili mkononi.

Nilichokisikia kina maelezo, na aibu yangu inaanzia hapo, kwa sababu maelezo yenyewe nilikuwa nayo. Uzi hauimbi sauti moja. Unatikisika mzima, na wakati huohuo unatikisika kwa nusu, kwa theluthi, kwa robo, kwa sehemu ya tano, ya sita, ya saba, na kila sehemu ina sauti yake juu ya ile kubwa. Piano haiwezi kuzifuata sauti hizo, kwa kuwa oktavu yake imekatwa vipande 12 vilivyo sawa ili wimbo wowote uweze kuanzia popote. Ni mapatano, tena mapatano mazuri, lakini karibu kila sauti imepunjwa au kuzidishiwa kidogo. Fidla haina vyuma vya kugawa shingo kama gitaa, kwa hiyo wanne wale wanaweza kutoka kwenye mapatano na kuurudia uzi. Zeze nalo halina. Na watafiti, akiwamo Gerhard Kubik wa Austria, wameandika tangu zamani kwamba Wagogo wamejenga ngazi yao ya muziki juu ya sauti hizohizo za uzi, kuanzia ya nne hadi ya tisa hivi. Ile ya saba kwenye piano haipo kabisa. Jirani yake wa karibu yuko juu yake kwa kiasi cha theluthi moja ya hatua ndogo kabisa ya kinanda. Sikio lililolelewa na kinanda likiikuta ile ya saba linasema mzee yuko nje.

Haya yote yamo katika sura ya pili ya pendekezo langu la utafiti. Niliyaandika mwenyewe, nikayatetea mbele ya jopo, nikapewa alama. Kisha nikakesha na kipanya nikiifuta ya saba, kijiti kwa kijiti.

Mwenzangu wa kubeba viti aliniuliza kama naumwa.

Nilirudi nyumbani Agosti, na Septemba nikapanda gari Bunju, tukapita Mapinga, Kerege, Zinga, kondakta anagombana na mama mwenye ndoo ya samaki, nami nina spika ndogo kwenye mkoba. Nilikuwa nimepanga hotuba. Nilipofika baba mdogo alikuwa uani akikaza uzi, na mama mdogo anachambua majani ya mlenda. Nikaamkia, wakaitikia, nikaulizwa habari za baridi. Hotuba ikanitoka kichwani. Nikasema tu kwamba nimekuja na watu wanaopiga mazeze ya Ulaya, kama ana nafasi.

"Wako wangapi?"

"Wanne."

"Mkubwa wao nani?"

"Hawana mkubwa, baba."

"Hakuna watu wanne wasio na mkubwa," akasema, lakini alisogea akanipisha kwenye mkeka.

Niliweka kwarteti ya Sibelius ya mwaka 1909, ile inayoitwa Voces intimae, maneno ya Kilatini yenye maana ya sauti za ndani. Inaanza fidla moja peke yake, na chelo inaijibu. Baba mdogo aliinua kidole. "Mdogo kaamkia kwanza. Ana adabu." Chelo ilipoendelea akanitazama kwa ushindi: "Mkubwa wao si huyu hapa? Unasema hawana." Wagogo wakipiga kwa kundi wana mazeze madogo na makubwa, na kwake yeye hapakuwa na la kufafanua. Aliuliza nyuzi za uta wao ni za nini, nikamwambia singa za mkia wa farasi. Akaona ni gharama isiyo na sababu wakati katani ipo.

Sehemu ya kasi ilimchosha, akarudi kwenye kazi yake ya kukaza. Ilipofika ile ya polepole, ya tatu, aliacha tena. Mahali fulani katikati wanashuka mpaka kwenye sauti tatu za pamoja, laini sana, na hapo ndipo inasemwa Sibelius aliandika yale maneno ya Kilatini kwenye nakala ya kitabu cha muziki. Sikumwambia hayo. Aliomba nirudishe nyuma. Nikarudisha. Akaomba tena.

"Hawa wana sikio," akasema. Nikaanza kupumua. "Ila kuna mmoja wamemwacha nje ya mlango."

"Nani?"

Akachukua zeze, akapitisha uta mara moja kupata sauti ya chini, kisha akapanda, moja, moja, mpaka akafika pale. Ile ya saba. Akaikalisha. Mama mdogo alikuwa akiimba chinichini kwenye mlenda wake na yeye akaingia papo hapo, bila kuinua macho. "Huyu," akasema baba mdogo. "Hawamjui. Si vibaya, kila watu na nyumba yao. Wanalipwa kiasi gani?"

Nikasema sijui, ila viti vilijaa. Akataka kujua tiketi moja ni shilingi ngapi. Nikabadilisha fedha kichwani nikamtajia, na mama mdogo akasema tusidanganyane.

Nilidhani huo ndio wakati wa kuomba radhi, nikaanza vibaya, na maneno ya sura ya pili, uzi na sehemu zake. Alinisikiliza kwa subira aliyonayo kwa watoto wanaosoma ubao wa shule kwa sauti. Nikaishia njiani. Nikasema, "Baba, tuliuharibu wimbo wako."

"Mliuharibu." Akafuta uta kwa kitambaa. "Ule wa mwanzo mliutupa?"

"Ninao."

"Ule wenyewe. Kabla hamjaunyoosha."

Ulikuwa kwenye kompyuta, jalada ambalo sikuwahi kulifungua tangu Machi. Nikaunganisha spika. Kwanza kikohozi chake, kisha rafiki yangu akisema tayari mzee, kisha zeze. Lilikuwa la kukwaruza na lenye joto, na sauti yake ikakaa juu ya uzi mahali ambapo sisi tuliona kosa. Baba mdogo alisikiliza ameinamisha kichwa, mdomo unafuata maneno. Mama mdogo aliacha majani. Ulipofika ubeti wa nne alinyoosha mkono ghafla.

"Simamisha. Rudisha kidogo. Hapo." Akasikiliza tena, akaguna. "Hapa ndipo nilikosea. Nilichelewa, na uzi wa juu ulikuwa umeshuka. Hapa kweli niko nje."

Nikafungua ile programu kutafuta mahali penyewe. Vijiti vya ubeti wa nne vilikuwa vimekaa juu ya mstari, vimenyooka, vya kijani. Tulikuwa hatujavigusa hata kimoja.

"Mashine yenu haikusema?" akauliza.