Tarehe 3 Juni, Namugongo

Kwetu Kalunguta, mashariki mwa Congo, Kizito na Lwanga ni majina ya watu unaopishana nao ukienda soko la Butembo. Niliyasikia tangu utotoni katika litania, lakini ardhi ya mashahidi hao wa Uganda niliiona nikiwa mgeni Kampala, baada ya mauaji ya upande wa Beni yaliyoanza 2014 kututawanya.

Jirani yangu wa mtaa wa Katwe, dada wa Kiganda msusi wa nywele, ndiye aliyenivuta. "Mukongo, mwaka huu tunatembea hadi Namugongo, kwa mashahidi," akasema. Tukatoka jioni ya tarehe 2 pamoja na wenzake, tukafuata barabara ya Jinja hadi Kireka, kisha Kyaliwajjala. Kuanzia hapo hukutembea, ulibebwa na watu. Wengine walikuwa njiani kwa majuma, kutoka Kenya na kaskazini mwa Uganda, miguu imevimba, na bado wanaimba. Tulilala nje, juu ya vikwembe vyetu, au tuseme tulijilaza, maana nani angelala na ngoma zile!

Asubuhi nilipanga foleni kuingia basilika, yenye umbo la nyumba ya Kiganda na nguzo 22, moja kwa kila shahidi Mkatoliki. Altare iko pale Karoli Lwanga alipochomwa mwaka 1886 kwa moto wa polepole, ulioanzia miguuni. Kizito alikuwa na miaka kama 14 tu. Nilipiga magoti nikawataja wafu wetu wa Beni, mmoja mmoja, hadi watu wa nyuma wakaniomba nisogee. Sijawahi kusali hivyo tena.

Misa ilikuwa kando ya ziwa la hapo hapo. Mtangazaji alipofika kwenye salamu za mahujaji wa Congo, wenzangu walipiga vigelegele kabla yangu, mikono juu, kana kwamba nao walivuka mpaka wa Kasindi! Kelele ile ilituletea akina mama wa Butembo waliokaa karibu. Wakanisalimu kwa Kinande, wakaniuliza mimi wa kwa nani, wakafungua karanga na mihogo yao, tukala sote.

Mmoja wetu alikuwa Mwanglikana. Alasiri tukamsindikiza kwenye kanisa la mashahidi wa kwao, mwendo mfupi tu, kwa kuwa moto wa Mwanga, kabaka wa Buganda aliyewaua, haukuuliza dhehebu. Nako tuliimba.