Maharage Hayakuwa na Kosa

Mwaka jana bili ya umeme ya mwezi wa Agosti ilituletea ugomvi nyumbani. Tunakaa Al Rigga, katika jengo la zamani, na jikoni kwetu hakuna dirisha. Sote tulikubaliana kwamba fedha zinapotelea humo jikoni. Zinapoteaje, hapo ndipo tulipogawanyika. Mmoja wetu ni mhandisi wa miaka 30, na mtu wa namna hiyo haulizi: alinyoosha kidole kwenye sufuria ya maharage, inayotokota saa mbili nzima, mara mbili kwa wiki. Mama watoto akajibu kwamba maharage hayo hayo ndiyo yaliyowakuza watoto. Kwa siku tatu salamu zetu zilipitia kwa watoto.

Hoja ya mhandisi haikuwa ya kipuuzi. Maji yakishachemka hayazidi moto hata ukiongeza umeme. Kinachozidi ni mvuke, na lita moja ikiisha kwa mvuke imekula zaidi ya nusu uniti. Kwetu Tanga mvuke ule hutoka dirishani ukaenda zake. Hapa Dubai, ambako Agosti joto hupita nyuzi 40, unabaki ndani, na kiyoyozi kinakula umeme mwingine kuutoa. Joto tunalinunua, kisha tunalipia liondolewe.

Mwishowe tukanunua kimita kidogo cha kuchomeka ukutani, tukapima kila kitu. Maharage: uniti moja na nusu kila yakipikwa, yaani kama 13 kwa mwezi. Birika, kidogo. Friza ya pembeni: uniti nne na nusu kwa siku! Kwa mwezi ni 135, na umeme wote huo hugeuka joto mle mle jikoni. Tulibana karatasi mlangoni mwa friza tukaivuta, ikatoka bila kukwama. Mpira ulikuwa umechoka kitambo.

Na friza ile aliileta nani, ya mtumba, kwa furaha, na kuisukuma ukutani hadi ikakosa pumzi? Mhandisi. Mama watoto hakusema neno, na kimya chake kilikuwa kirefu kuliko bili.

Tuseme kweli: uniti 135 kwa fils 23, bei ya daraja la kwanza kwa wakazi, ni kama dirhamu 31 kabla ya nyongeza zake, na sehemu kubwa ya bili ya kiangazi ni kiyoyozi chenyewe. Lakini tulikuwa tumelaumiana kwa siku tatu juu ya uniti 13.

Mhandisi, kwa aibu, akataka friza itolewe kabisa. Hapo mama watoto ndiye aliyekataa. Nyumba ya Mswahili Deira ni kituo: wafanyabiashara wa kutoka Dar na Mombasa wanakuja kununua bidhaa, wanamjua fulani anayetujua, wanabisha hodi. Nguru wa Waterfront Market na nazi iliyokunwa ni lazima viwepo. Basi tukabadilisha mpira, tukayeyusha barafu, tukaivuta friza shibiri moja kutoka ukutani. Sasa inakula chini ya uniti mbili kwa siku.

Maharage nayo yalibadilika, kwa hiari ya mpishi. Yanalowekwa usiku, yanachemka nusu saa, kisha sufuria inafunikwa na kuviringishwa blanketi nene hadi yaive yenyewe. Uingereza wakati wa Vita vya Pili walipika hivyo ndani ya sanduku la majani makavu. Kenya wapo wanaotumia kikapu.

Juzi waliingia wageni wawili kutoka Tanga, usiku, bila kupiga simu. Nguru alitoka kwenye friza, maharage yakatoka kwenye blanketi, bado ya moto. Mhandisi aliongezewa bila kuomba.