Mshauri na Mgombea

Kazi ya ushauri ni ya kale. Hapakuwa na sultani asiyekuwa na waziri, wala jumbe asiyekuwa na wazee wa kumnong'oneza sikioni. Katika ngano tulizosimuliwa utotoni, waziri aliyetoa shauri bovu alijulikana kwa jina na kwa sura, na hadithi haikwisha mpaka ameadhibiwa. Siku hizi mambo yamegeuka. Mgombea husimama juani akapigiwa makofi au akazomewa, na mshauri wake huketi chumbani penye baridi nzuri, akapokea ujira wake, akapanda ndege. Juu ya mtu huyo wa pili ndipo nitakapo, msomaji wangu, tufikiri pamoja kidogo. Umri wako unakaribia miaka 18, na yamkini kabla hujapata kitambulisho yuko mtu usiyemjua aliyekwisha kukuhesabu.

Mimi ni mwalimu, na makao yangu ni Kisumu Ndogo, kijiji kimojawapo cha Kibera katika Nairobi. Korogocho nako iko Kisumu Ndogo yake, maana jina hilo husafiri pamoja na watu watokao ziwani, kama jungu na kinu. Nyumba zetu nyingi ni za udongo na mabati. Reli iendayo Kisumu yenyewe hukatiza Kibera, na watoto wa huku hujifunza saa kwa mlio wa gari moshi kabla hawajajifunza kusoma. Watu wenye madaftari hatuwakosi kamwe. Kwa miaka mingi wageni waliandika kwamba Kibera ina watu milioni moja. Hesabu ya serikali ya 2009 ilikuta watu 170,000 hivi. Nalitaja jambo hili ujue kwamba maskini aghalabu huhesabiwa kwa kadiri ya haja ya mwenye kuhesabu. Mwenye kuomba fedha kwa ajili yetu hutuzidisha, na mwenye kutupa huduma hutupunguza.

Turudi kwa washauri. Marehemu Raila Odinga, aliyefariki Oktoba 2025, alikuwa mbunge wa Lang'ata, na Kibera ndani yake, toka 1992 hata 2013. Kwa hiyo usistaajabu ukisikia kwamba katika Kisumu Ndogo jina lake lilitajwa kama jina la mzazi. Lakini haki haina ujamaa, nami nitaanza kwa upande wake. Mwezi wa Novemba 2007 alifika Nairobi Mmarekani Dick Morris, aliyepata kumshauri Rais Bill Clinton, akatangaza kuwa atamsaidia Raila bila ujira. Ukazuka ugomvi juu ya kibali chake cha kazi. Nionavyo mimi, swali lililofaa lilikuwa jingine: mtu asiyelipwa na mwajiri wake analipwa na nani, na kwa sarafu gani? Hata mlinzi wa usiku wa kibanda cha mkaa hatumwajiri bila kumwuliza hivyo.

Uchaguzi ule uliishia pabaya. Watu zaidi ya 1,100 walikufa nchini. Soko la Toi, ambalo nusu ya Kibera ilipata riziki humo, liliteketea, na vijana waling'oa mataruma ya reli kwa mikono yao. Baada ya maafa hayo mtu angedhani kwamba kila mwenye kupanga kampeni katika Kenya angeogopa kuchezea hofu za makabila, kama aliyeungua aogopavyo jivu lenye moto.

Mwaka 2013 Uhuru Kenyatta aligombea urais hali ameshtakiwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule The Hague, kwa ajili ya machafuko hayo hayo. Mashtaka yake yaliondolewa Desemba 2014. Katika kampeni yake wapiga kura waliambiwa wasikubali wageni kuwachagulia kiongozi. Neno hilo lilipendeza masikioni, nami sikatai kwamba lina haki ndani yake. Ila kampuni ya London iitwayo BTP Advisers ilikuwa miongoni mwa waliomshauri, na kampuni nyingine ya Uingereza, Cambridge Analytica, ilijisifu baadaye katika tovuti yake kwamba ilikuwa imewahoji Wakenya 47,000 kwa ajili ya uchaguzi huo, ili ijue wanataka nini na wanaogopa nini. Basi yamkini hata maneno ya kuwakataa wageni yalipimwa uzito wake na wageni! Kenyatta alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.07.

Mwaka 2017 ufundi ulikuwa umezidi. Katika mwezi wa Julai filamu fupi, ya dakika moja na nusu hivi, ilipita kutoka simu hata simu. Ilionyesha Kenya ya mwaka 2020 chini ya urais wa Raila: njaa, ugaidi, vita vya kikabila. Niliitazama kwa mara ya kwanza kando ya meza ya mama mmoja auzaye omena, katika simu ya kijana wake. Kijana alikuwa anatetemeka kwa hasira.

"Mwalimu, tazama wanavyotusema," aliniambia.

"Nani hao, mwanangu?" akauliza mama yake, mikono imejaa samaki.

Kijana aliitafuta filamu juu na chini asione jina la mtu. Palikuwa na anwani ya tovuti tu, iitwayo The Real Raila, na tovuti haina uso.

Nilifikiri sana juu ya jambo hilo usiku ule. Filamu ile haikutengenezwa kwa ajili yetu. Hapana mshauri mwenye akili ambaye angetumia senti moja kuibembeleza Kisumu Ndogo imwache Raila. Ilitengenezwa kwa ajili ya mtu mwingine, pengine katika mtaa mwingine wa Nairobi hii hii, ili akiwatazama watu wa kwetu kituoni au sokoni awaone kuwa ndio njaa na ndio vita. Sisi hatukuwa wasikilizaji wa neno lile. Tulikuwa kitisho chake.

Desemba 2017 shirika la Privacy International la Uingereza lilitoa taarifa kwamba nyuma ya tovuti ile ilikuwako kampuni ya Harris Media ya Texas, Marekani, na kwamba kampuni hiyo hiyo ilishughulikia pia tovuti ya kumsifu Uhuru Kenyatta. Mkono mmoja ulishika marashi na mkono wa pili ulishika matope. Kisha Machi 2018, Channel 4 ya Uingereza ilionyesha picha zilizopigwa kwa siri, za wakubwa wa Cambridge Analytica wakizungumza na mtu waliyemdhani kuwa mteja. Mark Turnbull, mmoja wao, alieleza kwamba katika Kenya walikuwa wamekibadili chama chote sura mara mbili, wakaandika ilani yake, wakaandika hotuba, wakaandaa karibu kila kitu cha kampeni. Alisema pia, bila kuona haya, kwamba haifai kupigania uchaguzi kwa mambo ya hakika, kwa kuwa uchaguzi wote ni maono ya moyo. Na kwamba kazi yao ilikuwa kushuka chini kisimani kuliko mtu mwingine yeyote, wakajua hofu zilizolala humo.

Cambridge Analytica ilikana kwamba ilieneza matangazo ya chuki katika Kenya, na makamu mwenyekiti wa chama cha Jubilee, David Murathe, alikiri tu kwamba chama kilikuwa kimeiajiri kampuni yenye uhusiano nayo kwa kazi ya kukipamba mbele ya watu. Kampuni yenyewe ilifunga milango Mei 2018, baada ya kujulikana kwamba habari za watu wapatao milioni 87 wa Facebook zilikuwa zimechukuliwa bila ridhaa yao. Nawe kumbuka kwamba upande wa Raila haukukaa mikono mitupu. Siku chache kabla ya uchaguzi wa 8 Agosti 2017, wageni wawili, Mmarekani na Mkanada wa kampuni ya Aristotle, waliokuwa wakiushauri muungano wa NASA, walikamatwa Nairobi na kufukuzwa nchini. Washauri wa upande mmoja walipewa hati za ndege kwa nguvu, na washauri wa upande wa pili waliendelea na kazi. Tofauti hiyo yatosha kumfikirisha mtu, hata kama hampendi mgombea yeyote kati ya hao.

Yaliyofuata wayajua, au wazazi wako wanayajua. Mahakama ya Juu iliufuta uchaguzi wa urais tarehe 1 Septemba, ukarudiwa 26 Oktoba, na usiku wa kuamkia siku ya tatu nyumba na vibanda vilichomwa katika Kawangware, jirani kwa jirani. Sisemi kwamba filamu ndiyo iliyochoma Kawangware. Mwenye kusema hivyo asema asilolijua, na moto ule ulikuwa na kuni zake za miaka mingi. Nasema tu kwamba aliyeitengeneza filamu hakuwa na nyumba Kawangware.

Hapa ndipo washauri hutoa hoja yao, nayo ni hoja nzuri, haifai kudharauliwa. Husema: sisi ni kama mawakili. Wakili humtetea mshtakiwa bila kuulizwa kama anampenda, naye halaumiwi kwa makosa ya mteja. Mbona sisi tulaumiwe?

Hoja hii niliwapa wanafunzi wangu waijadili, na msichana mmoja wa kidato cha tatu aliijibu kuliko nilivyoweza mimi. Alisema wakili husema mbele ya hakimu, na mbele yake yuko wakili wa pili mwenye ruhusa ya kusimama na kumkatiza. Kila mtu ajua nani amwajiri. Akidanganya, jina lake li katika daftari la mahakama. Mshauri wa namna ya wale wa picha za siri alijisifu kwa kinyume cha hayo yote: kwamba habari hutiwa katika mishipa ya intaneti, kisha huachwa ikue yenyewe, na anayeisoma asitambue kuwa ni propaganda. "Basi, mwalimu," akasema msichana, "huyo ni wakili gani, asemaye nyuma ya pazia na hakimu hajui kama kesi imeanza?" Darasa lilicheka, nami sikuongeza neno.

Wala usidhani kwamba ni jambo la Wazungu na kompyuta tu. Washauri wadogo tunao hapa kijijini, na wengine ni hodari kuliko wa London. Nalimjua mmoja aliyemshauri mgombea wa udiwani kuwa na hotuba mbili: moja ya Kiswahili, ya umoja na maji safi, kwa ajili ya uwanjani, na moja ya lugha ya nyumbani, juu ya wenye nyumba na wapangaji, kwa ajili ya vikao vya usiku. Huku kwetu neno mwenye nyumba na neno mpangaji hubeba kabila tumboni. Mshauri yule alikuwa jirani yetu, alichota maji kwenye bomba moja nasi. Baada ya uchaguzi watu walijua pa kumpata, na wazee walimwita wakamsema mpaka akainamisha kichwa. Hiyo ndiyo faida moja ya mshauri mdogo juu ya mshauri mkubwa.

Sheria nazo zimejikongoja nyuma. Ya kuzuia fedha za kampeni ilitungwa 2013, lakini chaguzi za 2017 na 2022 zilipita pasipo kuwabana wagombea kwayo. Hivyo mwananchi hana pa kusoma mshauri gani alilipwa kiasi gani na nani. Sheria ya kulinda habari za watu ilipatikana Novemba 2019, na kamishna wake wa kwanza aliapishwa mwaka uliofuata. Ilipata kazi upesi.

Mwezi wa Juni 2021 ilienea habari kwamba mtu aweza kutazama kwa simu yake kama ameandikishwa katika chama cha siasa. Wakenya wengi walitazama wakajikuta wanachama wa vyama wasivyovijua. Mzee mmoja jirani yangu, mlinzi wa usiku, aliniletea simu nimtazamie. Alikuwa mwanachama kamili, jina na nambari ya kitambulisho bila kosa hata la herufi moja.

"Mwalimu," aliniuliza, "kitambulisho changu wamekiona wapi?"

"Hebu tuhesabu, mzee, mahali unapokitoa," nikamwambia.

Tukahesabu: kwa wakala wa fedha za simu, duka la simu lenyewe, langoni mwa kila jumba kubwa la mjini ambako bawabu huandika katika kitabu, hospitali, chama cha akiba na mikopo, na wale vijana waliopita mlangoni mwaka mmoja wakigawa unga na kuandika majina. Vidole vya mikono miwili vilituishia. Kisha tukamwondoa chamani, kazi ya dakika chache, akachukua rungu na tochi yake akaenda kazini.