Mama, bamvua na kisiwa kinachofungwa na maji

Mama alifika Newcastle mwezi wa tano akiwa na viza ya miezi sita, sanduku moja la nguo na jingine la vitu vyetu: dagaa, unga wa muhogo, ukwaju, na khanga za kuwagawia watu ambao hata hajawaona. Wengi wenu mmeshapokea mzazi huku ughaibuni, mnajua kinachofuata. Kufikia wiki ya pili alikuwa amegeuka mtoto ndani ya nyumba yangu. Jiko haliwezi, basi hapandi peke yake, kengele ya mlango ikilia ananiita. Mwanamke aliyefundisha darasa la kwanza Muheza kwa miaka 32 alikuwa ananiuliza kama anaruhusiwa kufungua dirisha.

Mimi ni muuguzi. Nilisoma stashahada nyumbani na shahada hapa Uingereza, nikafanya kazi wodini miaka kadhaa, na sasa niko kwenye utume wa kanisa wa miaka miwili. Natembelea wazee majumbani mwao, napima presha, nahesabu vidonge, nakaa nao wakitaka kuongea. Mama akisikia naitwa mmisionari hucheka mpaka anajifuta machozi. Yeye alisoma shule ya misheni Magila, na makaburi ya wamisionari wa Kiingereza anayajua tangu utotoni. "Leo wewe ndiye umetumwa kwao?" aliniuliza. Halafu akauliza tena, safari hii bila kucheka: "Na hawa wazee unaowahudumia, watoto wao wako wapi?" Nikamwambia wako Australia, wako London, wako mbali. Akanyamaza.

Wikiendi zangu za mapumziko ni moja kati ya mbili. Mdogo wangu anasoma Leeds, naye hupanda treni Ijumaa jioni na kuja. Watu walinishauri tumpeleke Mama London akaone jumba la mfalme na maduka. Tukaamua kumpeleka baharini, kwa sababu ya ubahili kidogo, na kwa sababu pwani ya Northumberland iko mlangoni kwetu.

Tulianza na Tynemouth, nusu saa tu kwa treni ya mjini. Mchanga mpana, upepo wa kukatisha masikio, na Waingereza wamevaa kaptula wakila aiskrimu kama vile ni Kunduchi mwezi wa kumi na mbili. Mama aligusa maji kwa vidole, akasema ni ya barafu, akakaa garini. Nilidhani mambo ya bahari yameishia hapo.

Craster ndiyo iliyombadilisha. Ni kijiji kidogo chenye bandari ya mawe, na kwenye jengo lililojengwa mwaka 1856 wanakausha samaki kwa moshi mpaka leo. Samaki aina ya heringi hupasuliwa mgongoni, hutiwa chumvi, hutundikwa kwa safu juu ya moto wa unga wa mbao za mwaloni, moshi ukawapitia hadi wakawa rangi ya shaba. Wenyeji wanawaita kipper. Kabla hatujafungua mlango wa gari Mama alikuwa ameshanusa. "Hapa kuna mtu anabanika samaki," akasema, akatangulia yeye. Dukani alimgeuza samaki mmoja, akambonyeza mgongo, akatazama tumbo, na kwa Kiingereza chake cha ualimu akamuuliza muuzaji amekaa kwenye moshi saa ngapi. Yule muuzaji akamjibu kwa kirefu, kama fundi anavyomjibu fundi mwenzake. Mimi na mdogo wangu tulisimama nyuma tumeshika mikoba.

Ukiwa Craster unaweza kutembea kwa miguu hadi magofu ya ngome ya Dunstanburgh, kama maili moja na robo kwenye majani, kondoo upande huu na bahari upande ule. Mzee mwenye magoti mabovu asiende mpaka mwisho. Mama alifika nusu, akakaa kwenye jiwe, akatuamuru tuendelee. Hapo nikajua amerudi kuwa Mama.

Safari ninayotaka kuwasimulia hasa ni ya Holy Island, kisiwa ambacho jina lake la kale ni Lindisfarne. Kiko kama kilomita 100 kaskazini ya Newcastle, kina wakazi wachache, na kinaunganishwa na bara kwa barabara ya lami iliyopita juu ya tope na mchanga. Barabara hiyo hufunikwa na bahari mara mbili kila siku. Maji yakijaa ni kisiwa, yakipwa ni sehemu ya bara. Halmashauri hutoa ratiba ya saa salama za kuvuka, na imebandikwa kwenye mbao pale unapoingia barabarani. Isomeni. Kila mwaka kuna magari yanayonaswa, na katikati ya njia kimejengwa kibanda juu ya nguzo ndefu ili aliyenaswa apande humo asubiri kuokolewa. Ukiona maji yameshaanza kulamba lami, geuza gari, hata kama aliye mbele yako amepita.

Usiku wa kuamkia safari mdogo wangu alikuwa anahangaika na ratiba hiyo kwenye simu. Mama alikuwa dirishani anatazama mwezi. "Jana ulikuwa mpevu," akasema. "Ni bamvua. Saa nne asubuhi maji yatakuwa yametoka yote. Alasiri yatajaa sana." Mdogo wangu akatazama simu, akanitazama mimi, akaiweka simu mezani.

Mama alizaliwa Pangani. Babu alikuwa mfanyakazi wa kivuko cha kwenda Bweni, na hesabu za kupwa na kujaa Mama alizijua kabla hajajua kusoma. Kwetu Tanga, bamvua maji hupwa asubuhi kwenye saa nne, ndiyo maana kina mama huteremka pwani saa hizo kuokota chaza na kuwinda pweza. Siku zinavyosogea maji nayo huchelewa karibu saa nzima kila siku, hadi yafike maji mafu, ambapo bahari haitoki sana wala haijai sana. Ilitokea tu kwamba saa za bamvua za Northumberland zinakaribiana na zetu. Mama hakuona ajabu. "Mwezi si ni huu huu?" akasema.

Tulivuka saa nne na robo. Kandokando ya barabara kulikuwa na bahari ya mchanga uliolowa unaong'aa, na mbali kidogo mstari wa miti iliyosimikwa kuonyesha njia ya zamani ya mahujaji, ambao hadi leo huvuka kwa miguu, wengi pekupeku. Tulipofika upande wa kisiwa Mama aliomba tusimame. Akavua viatu, akapandisha gauni na kulifunga kwa khanga, akaingia kwenye tope kwa mwendo ambao sijamwona nao tangu magoti yaanze kumsumbua. Akatuonyesha vijilima vya mchanga vya minyoo ya chambo. Akatuonyesha mahali pa kukanyaga na mahali ambapo mguu utazama. Watalii wawili wenye fimbo za kutembelea wakaanza kumfuata nyayo zake.

Kijijini kuna kanisa la Mtakatifu Maria na, pembeni yake, magofu ya monasteri yenye tao moja jembamba lililobaki hewani. Mwaka 635 mfalme Oswald aliomba mmisionari kutoka kisiwa cha Iona, Scotland. Wa kwanza aliyetumwa alirudi amekasirika, akidai watu wa huku ni wagumu. Ndipo akatumwa Aidan, mtu mpole. Hakujua vizuri lugha ya wenyeji, kwa hiyo mfalme mwenyewe ndiye aliyesimama kumtafsiria. Alitembea kwa miguu kila mahali. Inasimuliwa kwamba mfalme mwingine alimpa farasi mzuri, naye akamgawia maskini aliyekutana naye njiani. Alifariki mwaka 651 kule Bamburgh, ameegemea ukuta wa kanisa, akaletwa kuzikwa hapa kisiwani.

Hayo tuliyapata kwa mzee mmoja anayejitolea kuwaeleza wageni. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Mama yake je? Alimwona tena?"

Mzee akafikiri. Akasema haijaandikwa, na kwamba kwa miaka yote aliyokaa pale hakuna aliyewahi kumuuliza hilo.

Saa saba na nusu njia ilikuwa inakaribia kufunga. Magari yalipanga foleni kutoka, mabasi ya wageni yakaondoka. Sisi tulikuwa tumeamua kubaki hadi njia ifunguliwe tena jioni, na nawashauri mfanye hivyo mkiwa na chakula na subira. Kijiji kinanyamaza ghafla. Unasikia kondoo, upepo, na kutoka kwenye mafungu ya mchanga sauti kama za watu wanaoomboleza kwa mbali. Hao ni sili, wanyama wa baharini wenye vichwa kama vya mbwa, wakiimbiana. Ufukweni wamepindua mashua kuukuu za uvuvi wa heringi, wakazitia milango, zikawa mabanda ya kuwekea nyavu. Tuliketi kwenye kivuli cha mojawapo, tukafungua chapati na samaki wa Craster.

Hapo hakuna pa kwenda. Hakuna simu ya kazini wala basi la kuwahi. Mama akasema, akitazama maji: "Wale wa Magila walikuja kwetu, wakazikwa kwetu. Na huyu Aidan naye. Wewe umepanga nini?"

Nikamweleza. Utume wangu unaisha Machi. Hospitali niliyofanyia kazi zamani iko tayari kunipokea. Nyumbani nako kuna watu nimeshaanza kuzungumza nao, ila mshahara ni mdogo sana na karo ya huyu mdogo wangu bado. Sijaamua.

"Sijasema urudi," akasema. "Nasema usinifiche."

Nami nikamuuliza lake, kwa sababu tangu aje kulikuwa na jambo sikulielewa: chupa yake ya dawa za presha ilikuwa imejaa kuliko ilivyopaswa. Hesabu za vidonge ndiyo kazi yangu. Mama akakunja khanga mapajani, akakunjua. Akasema anakunywa siku moja, anapumzika siku moja, ili zifike mbali. Ameanza hivyo tangu mwaka jana. Na kwenye nyumba ya Muheza amepangisha vyumba viwili, si kwa ajili ya hela, ila hapendi kulala peke yake. Kwenye simu, kila Jumapili, alikuwa anatuambia yuko salama na kuku wanataga.

Mdogo wangu aliinuka akaenda kusimama majini. Mimi nilitoa kipima presha kwenye mkoba, kwa kuwa sijui kufanya kingine nikiogopa, nikampima palepale chini ya mashua. Sitawatajia namba. Nilimwambia kuanzia kesho ni kila siku, akaitika "haya" kwa sauti ya mwanafunzi wake wa darasa la kwanza.

Maji yalikuwa yamejaa pomoni, bara imekuwa mstari tu. Tukapanga mambo kwa saa tatu nzima: duka gani la dawa, nani atampeleka kliniki, hela itumwe kwa nani na tarehe gani. Mpwa wetu aliyeko Muheza atapita kila Jumamosi kuhesabu vidonge na kunitumia picha. Mama alitoa sharti moja, kwamba na mimi nimwambie ninapoumwa. Baada ya saa moja jioni lami ikaanza kujitokeza kwa mbali, jua bado liko juu kama alasiri, maana mwezi wa sita huku giza halina haraka.

Mwisho wa mwezi huo tulikwenda Seahouses kupanda boti ya visiwa vya Farne. Ndege ni wengi kuliko mchanga. Kuna pafini, wenye midomo ya rangi kama wamepakwa, na kuna membe wa kaskazini wanaokuchoma kichwani ukipita karibu na viota vyao, kwa hiyo vaeni kofia. Mama alikunja khanga mara nne akaiweka kichwani, akapita kama aliyebeba ndoo. Pafini huondoka kuelekea mwisho wa Julai, msichelewe. Na kwa wasomaji Waislamu: samaki na chipsi za Seahouses ni tamu, ila ulizeni kwanza mafuta, maana maduka mengi ya kaskazini hukaangia mafuta ya ng'ombe.

Bamburgh ipo jirani, na kwenye makumbusho yake kuna mashua ambayo Grace Darling na baba yake, mlinzi wa mnara wa taa, waliitumia mwaka 1838 kuokoa watu wa meli iliyovunjika wakati wa dhoruba. Mama aliizunguka mara mbili. Akasema ni ndogo kuliko mashua ya kupigia makasia ya kina babu.

Aliondoka Oktoba na kipper kumi na mbili kwenye sanduku. Picha za vidonge zinakuja kila Jumamosi, na kuhusu Machi bado tunazungumza. Juzi mwezi ulipokuwa mpevu alinipigia alfajiri kabla sijaamka, akataka kujua kama barabara ya kule kisiwani leo nayo imefungwa mchana.