Hasara Iko Gereji

Mwaka wa pili, kwenye semina, nilisimama kifua mbele nikasema: chombo cha anga kikirudi salama, safari inayofuata ni rahisi, unalipia mafuta tu. Mhadhiri hakubisha. Aliuliza: "Sasa mbona Space Shuttle ilikuwa ghali vile?" Nikabaki natabasamu kama mjinga. Darasa zima likacheka.

Usiku ule nilisoma mpaka asubuhi. Shuttle ya Marekani iliruka mara ya kwanza Aprili 1981, na walioipanga walitarajia safari makumi kwa mwaka. Mwaka 1985, uliokuwa na safari nyingi kuliko yote, iliruka mara 9 tu. Kila ikitua, vigae zaidi ya 20,000 vya kuzuia joto vinakaguliwa kimoja kimoja, injini zinafunguliwa, na tangi kubwa la mafuta linanunuliwa jipya. Huku maelfu ya wafanyakazi wanalipwa mshahara, iruke isiruke.

Nikamkumbuka baba mdogo na daladala yake, iliyonilipia ada ya sekondari. Mafuta hayakumnyima usingizi. Kilichomuumiza ni gari kulala gereji siku tatu: hesabu haiji, na mimi nimerudishwa nyumbani.

Falcon 9 ya SpaceX imeibana hasara hiyo hiyo. Sehemu yake ya chini ilitua mara ya kwanza Desemba 2015, na Machi 2017 moja iliyokwishatumika ikarushwa tena. Leo zipo zilizoruka zaidi ya mara 20. Sehemu hiyo haifikii kasi ya kuizunguka dunia, kwa hiyo haipambani na joto lililoitesa Shuttle, na kazi ya mafundi inapungua. Sehemu ya juu bado inatupwa.

Ila tusidanganyane, kupunguza ukaguzi si kufumba macho. Januari 1986 wahandisi walionya kwamba baridi ingeharibu mipira ya kuzibia viungo vya roketi. Challenger ikarushwa hivyo hivyo, watu 7 wakafa. Unafuu wa kweli unaanzia kwenye mchoro: tengeneza kitu kisichohitaji kufunguliwa kila siku.

Sasa naandika mradi wangu wa mwisho, na swali la kwanza nimeliweka ukurasa wa kwanza: kikishatua, mafundi wangapi watakishika, na kwa siku ngapi? Safari hii mhadhiri akiniuliza, nina jibu.